Mdogo Wangu Anasoma Ufundi Ubaoni



Agosti 2024, kuelekea Siku ya Vijana Duniani, wengi wenu mlikuwa njiani kuja Mbeya. Kilichotokea mnakijua: mabasi yakazuiwa, mamia wakakamatwa, viongozi wetu wakalala mahabusu. Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari mambo ambayo ningetamani yasemwe jukwaani. Sio kwamba mimi ni msemaji, ningekuwa nimekaa juani kama ninyi. Lakini daftari bado ninalo, na jambo la kwanza lililoandikwa humo sio Katiba Mpya wala Tume Huru. Ni jiriwa.

Jiriwa ni kile chuma kinachofungwa kwenye meza ya fundi, cha kubania kitu kisicheze wakati unakata kwa msumeno au unapiga tupa. Ukienda kwa fundi vyuma yeyote Mwanjelwa utaiona, imechakaa na inafanya kazi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye mwaka 2024 aliingia kidato cha kwanza mkondo wa amali, ameijua kwa mchoro. Mwalimu aliichora ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake, nao wakanakili. Mtihani ukaja na swali la kutaja sehemu za jiriwa, dogo akazitaja zote. Mama akafurahi sana. Mjomba, ambaye kuchomelea vyuma ndiko kumemlea yeye na watoto wake wanne, akamuuliza swali moja tu: "Umeishika?"

Dogo akacheka, akaondoka sebuleni.

Shule siitaji. Walimu wake nawaheshimu, na yule wa ufundi anatumia hela yake mwenyewe kununua misumari na vipande vya mbao ili watoto wapige hata nyundo. Wameambiwa vifaa vitakuja. Kinachoniuma ni kitu kingine: kutoka geti la ile shule mpaka karakana ya umma yenye jiriwa, grenda na mashine za kulehemu ni bodaboda ya buku. Nimeipita mchana wa saa tisa mara tatu likizo hii. Mara mbili mlango ulikuwa na kufuli.

Nilimuuliza mwalimu mmoja kwa nini wasiombe watoto wakaingie pale siku mbili kwa wiki. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini asiombe ndege. "Dada, ile sio ya kwetu," akasema. Sisi ni TAMISEMI, wale ni Wizara.

Nataka tukae hapo kwenye "ile sio ya kwetu".

Sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Vyuo vya VETA viko chini ya Wizara ya Elimu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile ambavyo wengi tunaviita FDC, vimehama nyumba mara kadhaa: vilianza Elimu, vikapelekwa Maendeleo ya Jamii, mwaka 2016 vikarudishwa Elimu. Vyuo vya makanisa, na huku Nyanda za Juu tunavyo vingi, vina wamiliki wao. Huku kwetu VETA yenyewe imegawanywa kanda mbili, moja makao yake Iringa na nyingine Mbeya. Kila mmoja ana bajeti yake, mkaguzi wake, ripoti yake na kufuli lake. Mtoto wa miaka 14 anayetaka kujifunza kuchomelea anatakiwa awe na bahati ya kuzaliwa upande sahihi wa ukuta.

Na serikali imeamua kuongeza kuta. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa shule chache. Wakati huohuo tulikuwa tunajengewa vyuo vya VETA vya wilaya 64 na kimoja cha mkoa wa Songwe. Mimi sipingi hata kimoja. Tukisema tunapinga kila kitu tutakuwa waongo, na mama zetu mtaani hawatatuelewa, kwa sababu wanawataka hao watoto wapate kazi ya mikono. Ninachouliza ni hiki: hivi kila shule ya kata kweli itapata karakana kamili ya umeme, ya useremala, ya vyuma, ya magari? Na mafundi wa kuzitunza? Na hela ya nondo na waya kila muhula? Maabara za sekondari za kata tunazikumbuka. Wazazi tulichangishwa, majengo yakasimama, na mimi nimemaliza kidato cha nne nikiwa nimeona jaribio la kemia kwa vitendo mara chache mno, nyingine likifanywa na mwalimu mbele huku sisi sitini tukinyoosha shingo.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilipanda basi kurudi chuo Iringa. Anayeijua hii barabara anajua mpangilio wake: Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, halafu Ifunda. Ifunda wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Walipoondoka, mkoloni akafungua pale shule ya ufundi, na miaka ya 1950 vijana walikuja kusomea useremala, uashi na umakanika. Mkoloni hakuwa na huruma na mtu, alitaka mafundi wa bei nafuu. Lakini hata yeye alijua randa haifundishwi kwa chaki. Baadaye Ifunda ikawa sekondari ya ufundi, kama Iyunga ya kwetu Mbeya, na mpaka leo ukimkuta mzee aliyesoma "Ifunda Tech" au "Iyunga Tech" atakuambia kabla hujauliza.

Baada ya uhuru tulijaribu tena. Elimu ya Kujitegemea ya 1967, kisha michepuo ya sekondari ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, kisha mwaka 1975 FDC, wazo lililotoka Sweden na fedha nyingi za Sweden. Kwa hiyo "amali" siyo kitu kipya kama tunavyotangaziwa. Wazazi wetu waliisoma, kwa majina mengine. Michepuo ikafifia, karakana nyingi zikageuka stoo za madawati mabovu, na ikafika hatua sekondari ya ufundi ikawa ni ya ufundi kwenye kibao cha getini tu. Zingine zimekarabatiwa miaka ya karibuni, na hilo nalikubali.

Mbeya ilikuwa na Chuo cha Ufundi kilichoanza 1986. Kikapanda, kikapanda, sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. Najua bado kinatoa stashahada, na wadogo zetu wengi wako pale, hongera kwao. Ila naona tuna ugonjwa fulani nchi hii: tukipata chuo kizuri cha ufundi, zawadi yake ni kukifanya chuo kikuu. Kama vile fundi ni mtu ambaye hajafika bado.

Sasa naomba mnivumilie, naingia kwenye sheria. Nitajitahidi isiwe lekcha.

VETA iliundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, leo ni Sura ya 82. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka tozo ya kuendeleza ujuzi, ile waajiri wanayoiita SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, isipokuwa waliosamehewa, analipa asilimia fulani ya mishahara yote anayolipa. Haikatwi kwa mfanyakazi, inatoka kwa mwajiri. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikashuka 5 mwaka 2013, ikashuka 4.5 mwaka 2016, ikaendelea kushuka, na Julai 2023 ikawa 3.5. Jina lake ni ujuzi. Ungedhani inakwenda kwenye ujuzi.

VETA inapata theluthi moja. Chukua kampuni yenye mishahara ya jumla 10,000,000 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho SDL yake ni 350,000. VETA inapata kama 116,700. Zile 233,300 zinazobaki zinaingia Hazina, na kwa miaka mingi waajiri kupitia chama chao, ATE, wamelalamika hadharani kwamba hizo zimekuwa zikielekezwa kwenye mikopo ya elimu ya juu. Yaani kwangu.

Hapo ndipo nilipokuwa sitaki kufika, lakini daftari ni daftari. Mimi ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo. Boom likitoka nalipa kodi ya chumba, nanunua mchele wa mwezi, nadurufu vitini vya sheria ya mikataba. Bila boom ningekuwa nyumbani. Nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, sawa, ni mkopo. Lakini bado kuna kitu hakikai sawa: tozo iliyoandikwa jina la ujuzi inamsaidia mwanasheria mtarajiwa asome kesi za Uingereza za karne ya 19, na mdogo wake aliye kwenye mkondo wa ufundi ananakili jiriwa.

Msije mkanipiga mawe hosteli. Sisemi boom lipunguzwe, nasema lisitoke mfukoni mwa fundi. Mikopo ya elimu ya juu ina sheria yake, ya mwaka 2004, na ni jukumu la nchi nzima, itoke kwenye kodi za nchi nzima. Tozo ya ujuzi irudi kwenye ujuzi. Najua jibu la Hazina: hela ni ileile, ukitoa huku unapunguza kule. Basi watuambie waziwazi kwamba wamechagua. Ada ya kozi ndefu VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, kwa hiyo kinachowafungia vijana nje sio ada peke yake. Nafasi ni chache, na vifaa anavyotakiwa kwenda navyo mwanafunzi mara nyingi vinazidi ada yenyewe. Mtoto wa Mbarali aliyepata nafasi anaweza kuikosa kwa sababu ya ovaroli, buti na boksi la spana.

Mwaka wa kwanza, niliposoma Katiba kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa sheria na sio kama mtoto wa somo la Uraia, nilifika Ibara ya 11 nikaruka. Ibara ndogo ya tatu inasema serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za kupata elimu na mafunzo ya ufundi katika ngazi zote. Ufundi umetajwa kwa jina! Nikajiona nimeshapata kesi yangu ya kwanza, nikaanza hadi kufikiria koti la mahakamani. Mwalimu wangu akasema rudi nyuma mpaka Ibara ya 7, ibara ndogo ya pili. Nikarudi. Inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi kwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kwa hiyo haki ipo, na mlango wa kuidai mahakamani umefungwa kwenye kitabu hichohicho. Na kwa haki zile ambazo mahakama inaweza kuzisikiliza, marekebisho ya sheria ya 2020 yalibana zaidi kesi za maslahi ya umma: ilibidi uonyeshe wewe binafsi umeathirika vipi. Tunapodai Katiba Mpya kuna watu wanatuuliza italeta ugali? Waambieni kuhusu Ibara ya 7(2). Waambieni kuna watoto wanaonakili jiriwa na hakuna jaji anayeweza kuulizwa.

Haya, tufanye nini na kufuli?

Pendekezo langu sio la ajabu. Shule za eneo moja, chuo cha VETA, FDC na vyuo vya makanisa vinavyotaka, viunde ushirika mmoja wa mafunzo. Karakana zihesabiwe zote kama mali ya watoto wote wa eneo hilo. Mwanafunzi abaki shuleni kwake kwa hesabu, Kiswahili, Kiingereza na mengine, na siku mbili kwa wiki aende kwenye karakana ya fani yake popote ilipo. Shule moja ikiwa na umeme mzuri, inapokea wa umeme kutoka shule nne. FDC ikiwa na ushonaji na kilimo, hivyohivyo. Badala ya kujenga karakana tano nusunusu tunajaza mbili zilizokamilika.

Jimbo la New York kule Marekani walifanya hivi kwa sheria ya mwaka 1948. Wilaya ndogo za vijijini, kila moja peke yake, hazikuweza kumudu mwalimu wa ufundi wala mashine. Bunge la jimbo likaziruhusu kuungana na kuunda bodi za pamoja za huduma za elimu. Wanaziita BOCES, na leo ziko 37. Mtoto anasoma nusu siku shuleni kwao, nusu nyingine basi linampeleka kituo cha pamoja anafundishwa magari, uuguzi au useremala, na wilaya yake inalipia kulingana na huduma inayotumia. Wana matatizo yao na wana hela kutuzidi, sisemi tuwanakili. Nasema kushirikiana karakana sio ndoto ya binti wa mwaka wa tatu.

Na wala hatuhitaji kwenda New York. Miaka ya 1980, serikali ilipokuwa haina uwezo wa kujenga sekondari, wananchi wa huku hawakukaa. Mufindi kulikuwa na Mufindi Educational Trust, Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa Iringa, kulikuwa na Njombe District Development Trust. Watu walichanga, vijiji vikaungana, sekondari zikajengwa. Waulizeni wazee wa Rungwe pia, wana stori zao za kuchangia shule kwa chai na kahawa. Walijua kijiji kimoja hakijengi sekondari peke yake. Walifanya kwa ajili ya sekondari za kawaida, sisi tunaweza kufanya kwa ajili ya karakana. Na sheria za serikali za mitaa zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja kwa mambo yanayozihusu. Tatizo VETA sio ya halmashauri, kwa hiyo ili iwe lazima na sio fadhila ya mkuu wa chuo, Sura ya 82 inabidi iguswe. Kifungu kimoja kinatosha: chuo cha ufundi cha umma kitenge saa kila wiki kwa shule za sekondari zinazokizunguka, na sehemu ya ile theluthi ilipie saa hizo.

Angalia Mufindi. Sao Hill ndio msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini. Mafinga mbao zimepangwa barabarani kama nyumba. Mtoto anayekulia pale amezungukwa na useremala kuliko mtoto yeyote Tanzania, halafu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kushika randa. Mbarali pawatila zinakufa mashambani msimu wa mpunga, mtu anasubiri fundi siku tatu. Kyela, Rungwe, Kilolo, kila mahali kuna kazi inayolilia fundi na kuna kijana amekaa kijiweni.

Binti wa shangazi yangu aliacha shule kidato cha pili, alipata mimba. Hiyo ilikuwa enzi ambazo kurudi shuleni kulikatazwa waziwazi na mkubwa wa nchi. Aliokotwa na FDC, kwenye programu ya Elimu Haina Mwisho, akaenda na mtoto mgongoni. Alisoma masomo ya sekondari na umeme wa majumbani kwenye uwanja mmoja, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa nyaya wakila meza moja. Sasa anafunga umeme kwenye nyumba za watu na mtoto anasoma chekechea. Namtaja kwa sababu hiyo meza moja ndiyo ninayoizungumzia. Imewezekana kwa wale tuliowatupa, inashindikana vipi kwa walio ndani ya mfumo?

Nimeshajibiwa pingamizi mbili na watu wa kwetu wenyewe. Ya kwanza, VETA zimejaa. Asubuhi, labda. Saa tisa mchana, Jumamosi, na likizo sio. Nimesema nimekuta kufuli. Ya pili ni usafiri, hasa kwa wasichana, na hii ni nzito. Sitaki msichana wa miaka 15 atembee kilomita saba jioni kwa sababu ya wazo langu zuri. Ndio maana nasema "wanaozunguka". Mbeya Mjini, Iringa Mjini, Tukuyu, Mafinga, Makambako inawezekana kesho. Vijijini ndani sana karakana ya shule itabaki kuwa lazima, au mwalimu ndiye asafiri na boksi lake. Iringa kuna Don Bosco, kuna Neema Crafts ambako mafundi wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono ambazo wengi wetu hatuziwezi. Hawa nao waalikwe mezani kama walimu.

Sasa la kwetu, na najua halitapendwa. Mwaka 2015 chama chetu kilichukua halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa. Tulikuwa na mameya, tulikuwa na madiwani, majimbo yote mawili tulikuwa na wabunge. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mikutano, na tulijivuna sana. Je, kuna kikao cha baraza kilichowahi kuuliza karakana za mji huu ziko ngapi na zinatumika saa ngapi? Nimewauliza wakubwa wawili. Mmoja aliniambia VETA haikuwa chini yetu, kweli. Mwingine akasema tulibanwa kila upande na wakuu wa mikoa na wilaya, kweli pia. Lakini kuuliza haikuwa imekatazwa. Tulikuwa na kalamu na hatukuandika.

Novemba 27, 2024 ilikuwa siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Tulijua yatakayofanywa kwenye fomu zetu, tulishaona 2019. Bado tuligombea. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kubadilisha Sura ya 82, asije mtu akaahidi hivyo kwenye kampeni, tutamuumbua sisi wenyewe. Anachoweza ni kuitisha mkutano wa wakazi na kuweka hoja hii kwenye muhtasari, ukapanda kwenye kata, ukapanda kwenye baraza.

Na kuna kitu hakihitaji kushinda uchaguzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni karatasi moja. Kabla sijapanda basi niliandika kwa halmashauri ya nyumbani, maswali manne: ni shule zipi zina mkondo wa amali au zimepangiwa kuanza; karakana gani za umma ziko ndani ya halmashauri; kila moja inatumika saa ngapi kwa wiki; na kama kuna makubaliano yoyote ya maandishi kati ya shule na vyuo hivyo. Mapokezi yule dada aliniuliza natoka taasisi gani. Nikasema natoka nyumbani. Akacheka, akagonga muhuri, akanipa nakala yangu.

Andikeni na ninyi, kila mmoja halmashauri yake. Msiandike kwa jina la chama, andikeni kwa majina yenu, maana sheria inasema raia. Weka namba ya simu, dai nakala yenye muhuri, piga picha uitunze. Anayetaka niipitie barua yake kabla hajaipeleka aniambie, siku za Jumapili nina nafasi.

Siku zangu 30 zinaisha katikati ya Novemba. Nitaweka majibu hapa, au nitaweka picha ya muhuri na tarehe kama hakuna majibu. Dogo amenitumia meseji kwa simu ya mama, anauliza kama jiriwa nimeiandika humo. Nimeiandika, swali la tatu.